Gia Ndogo

Nililinunua kwa mjane wa bwana shamba, Wete,
Suzuki ya milango miwili, inayonizidi miaka minne,
rangi yake mchicha uliopitiliza jikoni.
Kuku alikuwa kaatamia kiti cha nyuma.
Tulimngoja aangue, siku kumi na moja,
ndipo nikapewa ufunguo,
na kifaranga mmoja juu yake, wa baraka.

Nikafungua daftari la hesabu, lile la miraba,
maana mimi mwalimu, na mshahara wangu
haujapata kuvuka tarehe kumi na tano ukiwa na nguvu.
Nikaandika: taa za juu ya paa. Bampa la chuma.
Bomba la hewa, refu kama shingo ya korongo.
Springi mpya za kulinyanyua.
Fundi Chumu akasoma, akafuta mstari mmoja mmoja
kwa kidole gumba chenye grisi.
"Mgonjwa huyu ataka vipuri, Mwalimu.
Wewe wamnunulia vipuli."

Tukaanza chini, ilikoanza kutu.
Akalala chali, akagonga kwa nyundo ndogo, akisikiliza
kama mtu anayechagua fenesi:
hapa zima, hapa zima, hapa
nyundo ikaingia.
Kiraka cha bati la pipa, elfu kumi na tano.
Mafuta ya difu yakatoka rangi ya maziwa.
"Kanywa maji huyu, zamani, na hakumwambia mtu."
Bushi nne. Mpira wa rejeta.
Na breki, kabla ya vyote breki,
"kwani kupanda ni hiari, kushuka ni lazima."
Springi zile zile, akazisugua tu.
Shokomzoba mbili za gari lililogonga mnazi Chake Chake,
hazikufanana, kama ndoa nyingi,
lakini zilibeba.

Kwenye matairi ndipo nilipotaka kulia.
Nikapendekeza yale yaliyochongwa upya kwa kisu.
"Rahisi huvunja upishi," akasema, akaendelea na spana yake.
Nikauza cherehani.
Sikuwa mshoni mzuri hata hivyo.

Kamba ya kuvutia nilipewa na mjomba, ilikuwa ya nanga,
bado ina magamba ya changu.
Kulabu tukaichomelea kwenye fremu, si kwenye bampa.
Hilo niliambiwa mara tatu.
Mbao za kunasulia gari zilikuwa Unguja,
kwa bei ya mbuzi wawili.
Nikaandika: tutaona.

Jumamosi, mvua ya vuli imekesha,
tukaenda Mtambwe, njia ya wachukuzi wa karafuu,
udongo mwekundu unateleza kama bamia.
Sulubu, mwanafunzi wa fundi, akapunguza upepo wa matairi
kwa njiti ya kiberiti, akihesabu kwa sauti.
Fundi akavuta kile kijiti kifupi.
"Gia ndogo. Mguu toa kwenye klachi.
Toa na kwenye mafuta.
Usimfundishe. Huyu kapanda hapa wewe hujajua kusoma."

Mimi, ninayelipwa kwa kusema, nikanyamaza.
Likapanda kama mama mjamzito kwenye ngazi:
pumzi, hatua, pumzi.
Tawi la mkarafuu likaingia dirishani, likatoka.
Halafu, hatua ishirini kufika juu,
nikaogopa.
Nikakanyaga.
Magurudumu manne yakatema matope hadi kwenye kioo
na sote tukazama.

Hakuna aliyenikaripia. Sulubu akafungua nyuma,
akatoa jamvi la kuanikia karafuu, limekunjwa vizuri,
akalitandika mbele ya tairi
kama anayemkaribisha mgeni.
"Umelitoa wapi?"
"Barazani kwenu."
Gia ndogo. Mguu nje.
Miaa ikalia, ikakatika, ikatushika,
tukatoka.
Juu tukaiona Wete ng'ambo ya maji, mabati yanameta,
na hakuna aliyesema neno,
ila injini, iliyokuwa inakohoa.

Usiku, daftari.
Petroli, lita sita. Breki, nzima. Hofu, imebaki robo.
Jamvi la mama, moja.
Upande wa bei nimeuacha wazi,
kwani karafuu zinaanza kuanguliwa wiki ijayo.
Yuko ukumbini, ananiita kwa jina langu lote,
la baba na la babu.
Naingia polepole, gia ndogo,
mguu mbali na mafuta.